Mtu Mmoja Mwenye Njaa

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa uoga. Kwetu sheria inataka jina la taifa litamkwe mtu akiwa amesimama wima, mkono kifuani, nami nasimulia haya nimekaa, tena nimelegeza mkanda wa suruali. Basi wewe iite upendavyo. Ukiona inafanana na nchi unayoijua, hayo ni macho yako, kanawe uso uje tuendelee.

Kwetu hakuna njaa. Zamani ilikuwepo, wakati wa utawala uliopita, lakini Mlezi Mkuu aliipiga marufuku kwa hotuba pale uwanja wa taifa. "Kuanzia leo," alisema, "katika ardhi hii hamna mwenye njaa. Kuna walioshiba, na kuna walioahirisha mlo." Watu walimpigia makofi kwa kadiri nguvu zao zilivyowaruhusu. Haukupita muda Wizara ya Chakula ikaitwa Wizara ya Shibe, na lile neno la zamani likafutwa katika vitabu vya shule. Wanafunzi wakafundishwa kwamba tumbo likinguruma linaimba wimbo wa taifa. Mpaka leo, tumbo la mtoto mmoja likinguruma darasani, darasa zima husimama, na mwalimu naye husimama akishika meza asije akaanguka.

Ili wageni nao waone shibe yetu, ukawekwa utaratibu wa vijiti. Mchana king'ora kikilia, kila raia hutakiwa aonekane nje akichokonoa meno. Wakaguzi wa Vijiti hupita mitaani, wanakutazama mdomoni, na ukichokonoa kwa uvivu wanakuandikia onyo. Nataka niwe mkweli kwa nchi yangu: kiwanda cha vijiti hakijawahi kusimama hata siku moja. Miembe, michungwa, mifenesi, yote imekatwa kwa kazi hiyo, maana wataalamu waligundua kuwa mbao za miti ya matunda ni laini kwa fizi. Mvua zilipoanza kukata, miaka ile, Wizara ilitangaza kwamba mawingu nayo yameshiba.

Mimi naitwa Mwidadi Kombo. Nilipelekwa ubalozini kwetu Brunavia, nchi ya milima na theluji, nikiwa Afisa Mwonjaji Daraja la Pili. Kazi yenyewe ni ya heshima. Tumbo la balozi ni mali ya serikali, hivyo chochote cha kigeni lazima kwanza kipite katika tumbo la mtumishi wa ngazi ya chini, kisha watu wasubiri kidogo. Mtumishi akiendelea kuzungumza, balozi anakula. Afisa wa Daraja la Kwanza alikuwepo kabla yangu, mtu hodari sana, lakini alikutana na uyoga fulani wa huko. Taarifa rasmi ilisema ameaga dunia akiwa ameshiba, na mjane wake akapewa cheti cha pongezi.

*

Nikuambie vyakula vya Brunavia, maana huko ndiko nilikopatia unene huu.

Wana samaki ambaye huvuliwa kabla ya baridi, akafukiwa ardhini mpaka theluji iyeyuke, kisha anafukuliwa kwa heshima, wazee wamevua kofia. Nyama yake imekuwa laini kama uji. Harufu yake ilifika ubalozini kabla ya mwaliko, na mlinzi wetu akapiga simu polisi. Wana jibini ambalo ndani yake mna mabuu, tena hai, na adabu yao ni kwamba ule kabla mabuu hayajashtuka. Wana supu ya ukoga wanaoubandua mwambani. Wana kichwa cha kondoo kilichofukizwa moshi, na mgeni wa heshima hupewa jicho, ambalo hukutazama mpaka dakika ya mwisho.

Mwenzangu wa Idara ya Itifaki alitapika kwenye ngazi alipoviona. Mimi sikutapika. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani, na nyumbani nilikuwa nimeahirisha mlo kwa muda mrefu sana. Nilimla yule samaki nikalamba na miiba. Mabuu niliyala yakiwa yanakimbia. Jicho la kondoo nililipokea kwa mikono miwili, machozi yakanitoka, na wenyeji wakadhani nimeguswa na heshima waliyonipa.

Kisha nilitakiwa kutoa taarifa kwa sauti mbele ya balozi, kwa maneno yaliyopangwa na Wizara: "Mheshimiwa, nimeonja. Ninaishi. Chakula hiki hakifikii cha nyumbani." Sentensi ya mwisho ilikuwa ya lazima. Niliisema huku nimekumbatia bakuli, na balozi akatikisa kichwa kwa uzito, kama mtu aliyehuzunishwa na umaskini wa Wabrunavia.

*

Balozi wetu, Mheshimiwa Lutengano Mshindo, alikuwa ametumwa jambo moja tu. Brunavia ilikuwa imevuna ngano mpaka maghala yakapasuka kuta. Walikuwa wanawapa nguruwe. Mlezi Mkuu alimpigia simu balozi akamwambia: "Lete ngano hiyo. Lakini usiombe. Na usikubali kwamba tunaihitaji. Na wasijue kwamba tunaitaka." Balozi aliandika maagizo hayo matatu kwa mkono wake, akayatazama asubuhi nzima, kisha akaomba chai.

Mwenye funguo za maghala alikuwa Bi Ulgreta, Waziri wa Nafaka, mama mmoja mpana, mkimya, mwenye mikono ya kukanda unga. Alitualika kwake. Kwa kawaida yao, mambo makubwa hayazungumzwi ofisini, yanazungumzwa mezani, kwenye kitambaa cha meza ambacho mama mwenye nyumba anakitandika mwenyewe.

Nilionja. Nikaishi. Balozi akala. Alipomaliza sahani ya kwanza alijifuta midomo, akatoa kijiti chake mfukoni, akaanza kuchokonoa meno kwa ule ustadi wa kwetu, kidole kidogo juu. Sisi wote tukatoa vyetu.

"Mama," alisema balozi, "tumeshiba pomoni."

Bi Ulgreta alikuwa ameshika upawa, anataka kutuongezea. Mkono wake ulibaki hewani.

"Mmeshiba?"

"Sisi, mama, ni taifa lililoshiba tangu uhuru."

Bi Ulgreta aliweka upawa chini. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kukunja kitambaa cha meza, sahani zetu zikiwa bado juu yake. Akazisogeza tu kando, akakunja, akakunja, akakiweka kabatini. Tukasindikizwa mpaka nje kwa adabu kubwa, na mlango ukafungwa kwa komeo.

Dereva wake ndiye aliyenieleza, wakati tukingoja gari lipate moto. Nchi yao hufungwa na theluji, njia zote zinazibwa. Tangu enzi za mababu, anayebisha hodi huwa amekuja kwa sababu ya tumbo, na hilo si aibu kwao. Anakaribishwa, anakula, anaomba kuongezwa, anasema waziwazi ana njaa, na hapo ndipo mnakuwa ndugu na mazungumzo yanaanza. Anayebisha hodi akasema ameshiba, basi huyo amekuja kuiba au kupeleleza. Na kumpa nafaka mtu aliyesema ameshiba ni kumtukana, ni kama kumvika nepi mtu mzima.

"Kwa hiyo mmoja wenu aseme tu," dereva aliniambia. "Neno dogo lile. Mbona rahisi?"

Nilimweleza balozi ndani ya gari. Alishtuka mpaka kijiti kikamchoma ufizi.

"Unamkumbuka balozi wetu wa kule visiwani?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Alisema kwenye sherehe kwamba ana kanjaa kidogo. Kidogo, Mwidadi! Alirudishwa nyumbani, akapelekwa Chuo cha Kushiba. Mpaka leo yuko huko. Wanakalishwa mbele ya sahani tupu, wanapewa uma na kisu, wanafundishwa kushiba kwa nadharia. Anayefeli anarudia mwaka."

*

Jumapili ile nilimpigia simu mama yangu. Simu za kwetu husikilizwa, na wasikilizaji hawajifichi, unawasikia wanapumua. Yule wa Jumapili alikuwa na mafua.

"Hamjambo, mama?"

"Hatujambo, mwanangu. Tumeshiba."

"Vizuri, mama."

"Tumeshiba sana. Juzi tumeshiba mizizi, ile ya kule bondeni. Jana tumeshiba maji. Jirani yetu Mzee Chilumba alishiba sana wiki iliyopita, tumemzika Ijumaa."

Yule wa mafua alikohoa.

"Na Siwema?" niliuliza. Siwema ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ana meno mapya ya mbele, makubwa kuliko mdomo wake, na nilipoondoka aliniomba nimletee kitu cha kutafuna, chochote, mradi kichukue muda mrefu.

"Siwema ameshiba kupita sisi wote," alisema mama. "Ameshiba mpaka hawezi kusimama. King'ora kikilia namshika mimi, namwekea kijiti mdomoni. Mkaguzi alipita, akamsifu. Alisema hajaona mtoto mwenye shibe iliyotulia namna ile."

Msomaji mpenzi, mimi ni raia mwema. Nilifunzwa kufurahi ninaposikia habari za shibe. Nilisema, "Ahsante mama, nimefurahi," nikaweka simu chini, nikaingia chooni nikalia. Nililia tumbo langu likiwa limejaa jibini, na mabuu mengine, nadhani, yalikuwa bado hai. Niliona haya kwa kila tonge nililomeza katika nchi ile. Mtoto alikuwa anakufa, na dawa yake ilikuwa imelundikwa ng'ambo ya barabara, nguruwe wanaila, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema neno moja.

*

Balozi alijaribu kila njia. Alimpelekea Bi Ulgreta ujumbe kwamba taifa letu, kwa upendo, liko tayari kuwasaidia Wabrunavia kuondokana na mzigo wa ngano. Jibu likaja: "Hautulemei." Akapendekeza tuichukue kwa ajili ya maonyesho ya kilimo. Jibu likaja: "Tutawatumia picha." Akatunga hotuba ndefu kuhusu udugu wa watu wa milimani na watu wa tambarare, akaisoma mbele yake akisindikizwa na ngoma, na kila alipotua Bi Ulgreta alimuuliza lile swali lake moja.

"Una njaa?"

"Mheshimiwa Waziri, swali hilo ni tata."

"Basi nendeni kwa amani."

Mwisho Mlezi Mkuu alikasirika, akasema atakuja mwenyewe, maana hakuna mama duniani aliyewahi kumnyima kitu akimtazama usoni. Alikuja na ndege mbili. Moja ilimbeba yeye, ya pili ilibeba kiti chake. Alifuatana na Waziri wa Shibe, mtu mwenye shingo mbili, na kikundi cha wapiga makofi. Uwanjani alisimama kwenye theluji akatangaza, "Nimewaletea salamu za watu walioshiba," na wale wapiga makofi wakapiga, ingawa glovu zao zilizima sauti.

Mimi nikapandishwa cheo hapohapo. Nikawa Afisa Mwonjaji wa Mlezi Mkuu. Waziri wa Shibe alinishika bega akaniambia, "Kijana, leo tumbo lako ni mlango wa Ikulu. Ukifa, ufe polepole, tupate kuona dalili."

Bi Ulgreta alitandika kitambaa. Alimweka Mlezi Mkuu mbele yake, na mimi nikakaa pembeni yake, sahani yangu ikitangulia. Vikaja vyote: yule samaki wa kufukuliwa, ukoga, kichwa cha kondoo, jibini na wakazi wake. Nilionja kila kimoja mara mbili, kwa amri, maana Waziri hakuamini mara ya kwanza. Mlezi Mkuu alikula. Alikula kwa muda mrefu na kwa ufundi, hata jicho alilimeza bila kulitazama. Kisha akainuka kuhutubia.

"Mama," alisema, "watu wangu wamenituma nikuambie hawahitaji kitu. Wanalala wakiota mboga, si kwa kuzikosa, ni kwa kuzikumbuka. Kwetu mbwa wanaacha mifupa. Kwetu panya wamehama kwa sababu ya wivu. Watoto wetu wamekuwa wepesi, ni kweli, lakini huo ni wepesi wa michezo! Sasa nimesikia una ngano. Nasema, iache ije itutembelee."

Makofi. Bi Ulgreta alisubiri yaishe.

"Baba," alimwambia, bila ukali wowote, "una njaa?"

Mlezi Mkuu alicheka. Waziri akacheka. Kikundi chote kikacheka, kisha, kama king'ora kimelia mahali, mikono ikaingia mifukoni na vijiti vikatoka. Walichokonoa meno wote kwa pamoja, balozi naye, jasho likimtiririka kwenye baridi ile.

"Nimeshiba," alisema Mlezi Mkuu.

Bi Ulgreta alitikisa kichwa. Akashika ncha ya kitambaa cha meza, akaanza kukunja.

Nilitazama kile kitambaa. Kila mkunjo ulikuwa unakuja upande wangu. Nilimtazama balozi, aliinamisha uso. Nataka uelewe hali yangu vizuri: sikuwa na njaa. Nilikuwa nimekula mpaka kooni, vifungo vya shati vinanilalamikia. Katika nchi yangu nzima, ukiwatoa wakubwa pale mezani, labda ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeshiba kweli. Lakini niliiona ile midomo ya Siwema imeshikilia kijiti. Mkunjo ukagusa sahani yangu, nami nikaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Mama," nilisema, "naomba kuongezwa."

Kijiti cha Waziri kilianguka kwenye supu.

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza Bi Ulgreta, kama desturi yao inavyotaka.

"Nina njaa."

Neno lilikuwa halijapita mdomoni mwangu tangu nikiwa mtoto. Lilitoka na mkwaruzo. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaliachia, nikalisema tena, kwa sauti, nikasimama kabisa na mkono kifuani, kama ninataja jina la nchi. "Nina njaa!"

Bi Ulgreta alikunjua kitambaa chote kwa mkupuo mmoja. Wabrunavia wote walishika vijiko wakagonga meza, wengine wanalia, wengine wanakumbatiana. Yeye alizunguka meza, akanishika kichwa na ile mikono yake mikubwa, akanijazia bakuli mpaka likafurika, akasema, "Maghala yamefunguliwa. Ngano inakwenda kwa taifa la mwenye njaa."

*

Walinzi wa Mlezi Mkuu walikuwa wameshanikamata ukosi.

"Huyu mtu si wetu!" alipiga kelele Waziri wa Shibe. "Ni mamluki! Tazameni anavyokula, ana tabia za kigeni!"

"Kama si wenu," alisema Bi Ulgreta, "nitatafuta nchi yake, niipelekee ngano hiyo."

Mlezi Mkuu alikaa akifikiri, na alipofikiri wote walifikiri. Aliitaka ngano. Njaa hakuitaka. Na vyote viwili vilikuwa vimekaa kwenye kiti kimoja, vinashikwa ukosi. Mwisho aliinua mkono, walinzi wakaniachia.

"Ndugu zangu," alisema, "taifa kubwa haliogopi ukweli. Uchunguzi wa kina umefanyika usiku na mchana, na leo nautangazia ulimwengu matokeo yake. Wananchi wangu wote wameshiba, isipokuwa mmoja. Ni huyu hapa."

Makofi yalirindima. Balozi alipiga kwa nguvu kuliko wote, akinitazama, na nadhani alitaka kuniambia kitu, lakini mikono yake ilikuwa kazini.

Siku ya pili redio ya taifa ilitoa habari hiyo kwa furaha. Serikali imefanikiwa kupunguza idadi ya wenye njaa hadi mtu mmoja, naye anaishi nje ya nchi. Meli za ngano zikaanza kutia nanga. Kila gunia lilipigwa mhuri: NGANO YA MWIDADI KOMBO, MWENYE NJAA. Ikaundwa Tume ya Kumsaidia Mwidadi Kumaliza Ngano Yake, chini ya uenyekiti wa Waziri wa Shibe. Wananchi waliombwa wajitokeze, kwa moyo wa kizalendo, kila mmoja na chombo chake, kumpunguzia ndugu yao mzigo. Watu wakajitokeza. Foleni ilianza alfajiri, ikapita sokoni, ikapita makaburini, na kila aliyefika mbele aliulizwa: "Una njaa?" Naye alijibu kama sheria inavyotaka: "Hapana, nimeshiba, nimekuja kumsaidia Mwidadi." Kisha akajaziwa debe.

Wajumbe wa Tume walinisaidia kuliko watu wote. Waziri alinisaidia hata akaota shingo ya tatu, na magunia kadhaa nilisaidiwa kuyafikisha mpaka nchi jirani, kwa malori, usiku. Sina kinyongo. Hata baada ya wasaidizi hao, kilibaki kiasi cha watu wa kawaida kunisaidia.

*

Ila kuna sharti. Kwa Wabrunavia, maghala hubaki wazi kwa muda wote ambao mwenye njaa anakuja mezani. Siku atakayosema ameshiba, kitambaa kinakunjwa. Kwa hiyo kila Jumapili niko hapa kwa Bi Ulgreta. Nyumbani siwezi kurudi, maana nikikanyaga tu ardhi ile nitakuwa nimeshiba kisheria. Pasipoti yangu imeandikwa kwa wino mwekundu, MWENYE NJAA, na nikipita mitaani watu hunitazama tumbo, wakacheka, wakavua kofia.

Nimenenepa. Hata Waziri hanifikii. Viti viwili vya Bi Ulgreta nimevivunja, cha tatu alikichonga seremala wa mabehewa. Daktari wa hapa ananiambia moyo wangu unafanya kazi ya punda, nipunguze, la sivyo atamwandikia Bi Ulgreta barua ya kwenda kunizika. Samaki wa kufukuliwa, niliyempenda mpaka miiba, sasa nikimsikia harufu mwili unanisisimka. Jibini naota linanitafuna mimi. Nakaa mezani, nafumba macho, nameza. Sahani ikiisha nasema, "Naomba kuongezwa, mama." Bi Ulgreta ananiuliza kwa nini. Nami nasema lile neno, na siku hizi linatoka vizuri, bila mkwaruzo.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimefika kwenye supu ya ukoga, nikaona kweli leo nimefika mwisho. Kijiko kilikuwa kizito. Nilisikia lile neno jingine linapanda kooni, lile la kwetu, la kushiba. Ndipo simu ikaita. Alikuwa mama.

"Una njaa, mwanangu?" Hata salamu hakutoa.

"Nina njaa, mama," nilisema, nikijizuia kucheua.

"Mungu akuzidishie, baba. Akuzidishie njaa mchana na usiku. Hapa mtaa mzima tunakuombea hivyo, hata wale wasiosali. Mwanangu, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha, usije ukashiba."

"Sitashiba, mama."

Yule wa mafua alikuwa anapumua kwenye simu. Mafua yamemwisha. Nilisikia naye anasema kwa kunong'ona, haraka, kama mtu anayevunja sheria ya kazi yake: "Endelea, kaka."

"Nipe Siwema," nilisema.

Nilisikia simu inapita mkono hadi mkono, nyayo kwenye vigae vya uani, kuku mmoja. Kwetu kuku! Kisha ikafika. Nilitaka kumuuliza jambo moja, lakini nilijua jibu lake halitanisaidia kitu. Atasema ameshiba. Watoto wote wa kwetu wamefunzwa kujibu hivyo, alisema hivyo hata alipokuwa hawezi kusimama, na mimi mbali huku nitajuaje ni shibe ipi? Nikauliza hivyohivyo, kwa kuwa sikuwa na swali jingine.

"Siwema. Umeshiba?"

Hakujibu. Nikaita tena. Hakujibu. Nikabana simu sikioni, na ndipo nikasikia sauti ndogo, ya mate na meno, inakwenda polepole bila haraka yoyote. Nyuma yake nikamsikia mama yangu anafoka.

"We mtoto! Mjomba wako anakuita, meza kwanza! Nani kakufundisha kushika simu na ugali mdomoni?"

Siwema hakumeza. Aliendelea kutafuna tu, na mimi nilisikiliza kule kutafuna mpaka laini ikakatika.

Nikafuta macho, nikasogeza bakuli kwa Bi Ulgreta.